Takayama, mji wa milimani Japani uliolipa kodi kwa maseremala (uzi mrefu, karibuni)

Mpanda Treni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Humu jukwaani Japani ikitajwa, mazungumzo huishia Tokyo, Mlima Fuji na bei ya magari ya mtumba. Leo naomba tupande milimani tuzungumzie Takayama. Mimi nipo Nagoya kimasomo, na huu ndio mji ninaoukimbilia kila nikipata upenyo. Kwa muda mrefu nimetamani kuuandikia kitu cha maana kwa lugha yetu.

Takayama upo mkoa wa Gifu, katikati ya kisiwa kikuu cha Honshu, katika nchi iliyoitwa Hida tangu kale. Kwa eneo, ndio mji mkubwa kuliko yote Japani, kilomita za mraba 2,177. Mkoa mzima wa Tokyo wenye watu milioni 14 unalingana nao kwa ukubwa, lakini wakazi wa Takayama hawafiki laki moja. Ukubwa huo ulikuja tarehe 1 Februari 2005, pale miji midogo na vijiji tisa vya jirani vilipounganishwa nao. Zaidi ya asilimia 90 ya eneo lote ni msitu. Mji wenyewe, yaani mitaa, maduka na stesheni, umekaa kwenye bonde dogo lililo karibu mita 570 juu ya usawa wa bahari.

Hoja yangu ni moja na nitaitetea mpaka mwisho: karibu kila kinachowavuta watu Takayama leo kimetokana na umaskini wa mashamba yake na utajiri wa miti yake. Hida haikuwa na mpunga wa kutosha kulipa kodi. Ikalipa watu.

Nakuja na muendelezo, nipeni muda kidogo.

Kijukuu

Nimeweka kiti mkuu. Ila tuanzie kwenye ramani. Huko kunafikikaje? Kama kote ni milima, watu walikuwa wanapita wapi?

Mpanda Treni

Kijukuu, umeniwahi.

Upande wa mashariki umesimama ukuta wa Milima ya Alps ya Kaskazini, kama Wajapani wanavyoiita. Hotaka ina mita 3,190 na ni ya tatu kwa urefu Japani nzima. Yari ni mita 3,180, Norikura mita 3,026. Hii iko mpakani na mkoa wa Nagano. Magharibi kuna mlima mtakatifu wa Hakusan, mita 2,702. Katikati ya kuta hizo ndimo watu wa Hida walimojificha karne na karne.

Kuna jambo la maji ambalo kila nikipita kwa treni huwa naligojea. Kusini kidogo ya mji kuna Mlima Kurai na kipito cha Miya. Mvua ikinyesha upande wa kaskazini, maji yanaingia Mto Miyagawa, yanapita katikati ya mji, yanashuka hadi Toyama yakiwa yameshabadilika jina na kuitwa Jinzu, kisha yanamwagika Bahari ya Japani. Ikinyesha upande wa kusini, maji yanafuata Mto Hida, yanaingia Mto Kiso na kuishia Pasifiki. Matone mawili yaliyoanguka mita chache kutoka jingine hadi jingine yanaishia bahari mbili tofauti. Treni inapita chini ya mgawanyo huo kwa handaki, na ukichungulia dirishani kabla na baada, unaona mto umegeuka mwelekeo.

Reli hiyo ilikamilika mwaka 1934. Kabla ya hapo ni miguu, wanyama na mikokoteni, na theluji ikikaza njia zinafungwa. Leo treni ya haraka iitwayo Hida inatoka Nagoya kwa takriban saa mbili na nusu, ikifuata magenge ya mto mwanzo hadi mwisho. Ukitokea Matsumoto unapanda basi linalopita handaki la Abo, lililofunguliwa mwaka 1997. Kabla yake barabara ya juu ilikuwa inafungwa majira yote ya baridi. Kutoka Shirakawa-go, kile kijiji cha mapaa marefu ya nyasi kilichoingia urithi wa dunia mwaka 1995, ni chini kidogo ya saa moja kwa basi.

Fundi Mninga

Mimi ni seremala, kwa hiyo umenigusa pale uliposema "ikalipa watu". Fafanua mkuu. Serikali inapokeaje seremala kama kodi?

Mpanda Treni

Fundi, hapa ndipo penyewe.

Karne ya 8 serikali ya kifalme ilikuwa Nara, na kila nchi ilitakiwa kupeleka kodi ya nguo na mazao ya kwao. Sheria ya zama zile iliiondolea Hida kodi hizo. Badala yake kila kijiji cha kaya 50 kilitakiwa kutoa wanaume 10, wakatumikie mji mkuu kwa mwaka mzima, kisha wabadilishwe na wengine. Ndio walioitwa mafundi wa Hida. Walishiriki kujenga majumba na mahekalu ya Nara, na mji mkuu ulipohamia Kyoto wakaenda huko pia. Mkusanyo wa mashairi wa karne hiyohiyo ya 8 unamtaja mtu wa Hida na uzi wake wa wino. Mtunzi anaapa kwamba moyo wake hautangatangi, umenyooka mithili ya mstari ule anaoupiga fundi kwenye ubao.

Lakini tusiipambe sana. Ilikuwa kazi ngumu, siku chache za mapumziko, na wengi walitoroka. Kuna amri ya serikali ya mwaka 834 inayoagiza watoro wa Hida wasakwe popote walipojificha, na inaeleza kwamba watu hawa wanatambulika kwa lugha yao na sura zao hata wakibadilisha majina. Fikiria hilo, Fundi: mtu anasakwa nchi nzima kwa sababu mikono yake ni mali ya serikali.

Waliobahatika kurudi walirudi na ujuzi wa kujenga mahekalu makubwa. Wakafundisha watoto wao. Ule ujuzi haukukauka, na ndio unaouona ukisimama leo katikati ya mji.

Fundi Mninga

Aisee. Sasa nina hamu ya kuona kazi zao. Zipo bado au zimeungua? Mbao na moto hazipatani.

Mpanda Treni

Moto umeupiga mji huu mara nyingi, na mmoja mkubwa ulitokea mwaka 1875. Lakini kila ukiungua walikuwapo mafundi wa kuujenga tena.

Ukifika nenda nyumba mbili zinazopakana, ya ukoo wa Kusakabe na ya ukoo wa Yoshijima. Zote mbili zinalindwa kitaifa. Kusakabe ilijengwa upya mwaka 1879 baada ya ule moto, na fundi mkuu aliitwa Kawajiri Jisuke. Zama za shoguni, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, mfanyabiashara hakuruhusiwa kujijengea kwa mti wa hinoki, maana hinoki ilikuwa mali ya serikali. Utawala ulipobadilika mwaka 1868 amri zile zikafa, naye Kusakabe akaijenga nyumba yake kwa hinoki tupu. Ingia uvue viatu, kaa karibu na lile jiko la katikati ya sakafu, kisha inua macho. Hakuna dari. Unaona maboriti mazito yaliyopishana mpaka kwenye paa, na maungio yake yamekaa barabara. Fundi, wewe utatoka humo jioni.

Yoshijima ilijengwa upya mwaka 1907 na ni nyepesi zaidi, mwanga unaingia kutoka juu na kuteleza kwenye nguzo. Binafsi naipenda zaidi hii.

Kijukuu

Kuna kitu nimekikumbuka. Sisi tunaotazama katuni za Kijapani tunamjua Sukuna, jini la kutisha. Kuna mtu aliniambia asili yake ni Hida. Kweli?

Mpanda Treni

Kweli kabisa. Ryomen Sukuna anatajwa kwenye kumbukumbu za kifalme za mwaka 720: mtu wa Hida mwenye nyuso mbili na mikono minne, mkaidi asiyemtii mfalme, mpaka akatumwa jemadari kumuua. Hayo ni maneno ya upande wa serikali. Wenyeji wa Hida wanamweleza tofauti: kwao ni mlinzi wao, na hekalu la Senkoji, lililo ndani ya mipaka ya Takayama, linamhesabu kuwa ndiye aliyelianzisha.

Hapo Senkoji zipo sanamu nyingi za Enku, mtawa mzururaji wa karne ya 17 aliyechonga mbao kwa mapigo machache bila kulainisha. Ya Sukuna aliichonga nyuso zote mbili zikiwa mbele, ameshika shoka. Katika nchi ya wakata miti, shoka lile linaeleweka.

Bi Zuhura

Mwanangu Mpanda Treni, uzi mzuri. Ila umeruka. Umetoka karne ya 8 ukaingia nyumba za 1879. Huo mji wenyewe nani aliuanzisha?

Mpanda Treni

Shikamoo Bi Zuhura, nashukuru kunirudisha kwenye mstari.

Mji kama tunavyouona uliwekewa msingi na Kanamori Nagachika. Mwaka 1585 aliiteka Hida kwa niaba ya Toyotomi Hideyoshi, mbabe wa vita aliyekuwa akiiunganisha Japani, na mwaka 1588 akaanza kujenga ngome juu ya kilima. Akawapanga mashujaa wake kwenye miinuko, wafanyabiashara akawapa mitaa mitatu sambamba chini ya kilima, na mahekalu ya Kibudha akayaweka mashariki, kwenye mteremko wa Higashiyama. Mpango huo haujavurugwa mpaka leo. Mitaa ile mitatu ndiyo Sanmachi, inayolindwa kisheria tangu 1979. Nyumba zake zina mbao zilizoiva weusi, vizuizi vyembamba vya madirisha, na mifereji ya maji yanayotembea pembezoni mwa barabara. Ukiona mpira mkubwa wa majani ya mti wa sugi umening'inia mlangoni, hapo wanapika sake, pombe yao ya mchele.

Ukoo wa Kanamori ulitawala vizazi sita. Mwaka 1692 shoguni akauhamishia mbali, kaskazini, akaichukua Hida iwe chini yake moja kwa moja. Ngome ikabomolewa mwaka 1695. Leo kilimani umebaki msitu, kuta za mawe na njia za kutembea.

Ngosha

Subiri kwanza. Shoguni yuko Edo, ndiyo Tokyo ya leo, ana mashamba ya mpunga kila kona. Anakitakia nini kijibonde cha theluji?

Mpanda Treni

Miti na madini, Ngosha. Edo ilikuwa inajengwa na kuungua na kujengwa tena. Mbao zilikuwa na thamani kubwa, na Hida ilikuwa imejaa mbao.

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu watalii wengi wanalipita hili.

Maofisa wa shoguni walikaa kwenye boma liitwalo Takayama Jinya. Ofisi za namna hiyo zilikuwapo nyingi nchi nzima, lakini ni hii peke yake ambayo majengo yake makuu yamesalia. Iliendelea kutumika kama ofisi ya serikali hadi 1969. Unaingia unakuta vyumba vya mikeka, ghala kubwa la mpunga wa kodi, na kwenye boriti za ukumbi vichwa vya misumari vimefunikwa kwa vyuma vidogo vyenye umbo la sungura. Vizuri mno, masikio yamelala nyuma. Kisha unafuata ujia unafika kwenye uwanja wa mahojiano. Changarawe chini. Pembeni kuna ubao wenye meno ambao mtuhumiwa alipigishwa magoti juu yake, na mawe mazito ya kumlundikia mapajani. Jengo ni hilohilo moja.

Walioonja mawe yale ni wakulima. Mwaka 1771 serikali ilisimamisha ukataji miti, na vijiji vilivyoishi kwa kazi hiyo vikabaki mikono mitupu. Ghasia zikazuka. Mwaka 1773 mtawala wa Hida, Ohara Hikoshiro, akaamuru mashamba yote yapimwe upya ili kodi ipande. Wakulima wakatuma wawakilishi hadi Edo kushtaki moja kwa moja kwa wakubwa, jambo ambalo adhabu yake ilikuwa kifo. Wengine kwa maelfu wakakusanyika kwenye hekalu la Minashi, kusini ya mji. Wakaletwa askari kutoka himaya za jirani, na risasi zikafyatuliwa kwenye viwanja vya hekalu. Mmoja wa viongozi wao aliitwa Zenkuro, wa kijiji cha Hongo. Alikuwa na miaka 18. Walimkata kichwa mwaka 1774.

Hikoshiro akapandishwa cheo mwaka 1777, maana kodi ilikuwa imepanda kweli. Alipokufa akafuata mwanawe Kamegoro, naye akakamua zaidi, tena wakati wa njaa. Wananchi hawakukoma kupeleka mashtaka. Mwisho wake, baada ya karibu miaka 20 ya mapambano, Kamegoro alivuliwa madaraka na kupelekwa uhamishoni kisiwa cha Hachijo. Ninapopita Jinya siwezi kuwatazama wale sungura bila kumfikiria Zenkuro.

Fundi Mninga

Miaka 18. Mungu amrehemu.

Mama Asali

Niruhusuni niongeze, mimi nipo Matsumoto, upande wa pili wa milima hiyo.

Kuna kipito kinaitwa Nomugi, mita 1,672, kati ya Takayama na huku kwetu. Zamani samaki wa Toyama waliotiwa chumvi walibebwa mgongoni, wakapita Takayama, wakavuka Nomugi mpaka Matsumoto. Wazee wa huku waliwaita samaki wa Hida, wakati Hida haina bahari. Ndiyo waliokuwa wakila mwaka mpya.

Lakini njia hiyo inakumbukwa zaidi kwa wasichana. Enzi za Meiji, baada ya yale mabadiliko ya 1868, viwanda vya hariri vilifumuka Okaya, karibu na Ziwa Suwa, na vilihitaji vidole vyepesi vya kuvuta nyuzi. Familia za Hida zilikuwa maskini. Zikawatoa mabinti, wengine hawajatimiza miaka 13, wakavuka Nomugi kwa miguu kwa makundi, wamefungana mikanda wasipeperushwe na tufani ya theluji. Mishahara yao iliwasaidia wazazi kulipa madeni, na hariri ile ndiyo iliyoiletea Japani fedha za kigeni. Mwaka 1909 binti mmoja, Mine Masai, aliugua kiwandani. Kaka yake akatembea kumfuata, akambeba mgongoni kurudi nyumbani. Walipofika juu ya kipito, bonde la kwao likaonekana. Inasimuliwa alisema kwamba anaiona Hida, na hapohapo akakata roho. Ipo sanamu ya kaka na dada pale juu. Kila mwanamke anayepita njia hiyo nadhani angesimama.

Mpanda Treni

Mama Asali, asante sana. Hilo nilikuwa naliogopa kulisimulia vibaya. Na linaungana na hoja yangu: kwanza walitolewa wanaume kujenga majumba, miaka zaidi ya elfu moja baadaye wakatolewa mabinti kuvuta hariri. Milima haikulisha, watu wakalazimika kutoka.

Bi Zuhura

Mmetuhuzunisha sasa. Tupeni sherehe kidogo. Nimesikia wana tamasha kubwa.

Mpanda Treni

Tena kubwa hasa, Bi. Yapo mawili kwa mwaka. La machipuko ni tarehe 14 na 15 Aprili, la hekalu la Hie, nusu ya kusini ya mji. La vuli ni tarehe 9 na 10 Oktoba, la hekalu la Sakurayama Hachiman, nusu ya kaskazini. Kumbukumbu zake zinarudi karne ya 17. Mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi pamoja na matamasha mengine ya Japani ya aina hiyo, jumla 33.

Kinachotolewa ni yatai, magari marefu ya mbao ya kusukumwa na kuvutwa, 12 machipuko na 11 vuli. Kila moja ni mali ya mtaa wake. Utaona mitaani ghala nyembamba zenye milango mirefu kupita kiasi, ndimo yanamolala mwaka mzima. Humo wachongaji, wahunzi, wapakaji vanishi na wafumaji wa Hida walimwaga kila walichojua, mtaa ukishindana na mtaa. Fundi, magurudumu, ngazi, simba na maua ya kuchongwa, vyote utavikagua.

Manne kati yake yana vikaragosi. Kwenye gari la Hotei, la vuli, watoto wawili wa mbao wanaruka kutoka bembea moja hadi nyingine, hawajaguswa na mkono wa mtu, mpaka wanatua mabegani kwa mzee Hotei. Chini, ndani ya gari, wamejibana watu wazima wanavuta nyuzi wakisikilizana kwa pumzi. Uwanja mzima unanyamaza mtoto wa kwanza anapoachia bembea. Akishika ya pili, watu wanashangilia wenyewe bila kuongozwa. Kwenye gari la Ryujin, la machipuko, mtoto analeta mtungi, na ghafla ndani yake anachomoka mungu wa joka mwenye nywele nyekundu, anacheza kwa hasira.

Usiku wa siku ya kwanza magari yanawashwa taa za karatasi, na yanazungushwa mjini. Kama utachagua siku moja tu ya kuuona mji huu, chagua usiku huo.

Ngosha

Mkuu, mimi nilifika pale nikiwa kwenye ziara ya kikazi. Nisikufiche, nilikuta umati, maduka ya zawadi, foleni ya nyama ya kuchoma. Wanauita Kyoto ndogo, na mimi nilishatoka Kyoto yenyewe. Sikuona cha ajabu.

Mpanda Treni

Ngosha, nakuamini kuhusu umati. Mchana, mabasi yakishashusha watu, Sanmachi hapatamaniki. Lakini kuuita Kyoto ndogo ni kuuonea. Mafundi waliokwenda kuijenga Kyoto walitoka huku.

Dawa yake ni kulala pale. Ziara za saa mbili haziupi mji nafasi. Asubuhi mapema nenda sokoni kando ya Mto Miyagawa, au lile dogo mbele ya Jinya, ambako kina mama wa mashambani wanauza kabichi, matufaha ya kwao na kachumbari za kuchachusha walizotengeneza wenyewe. Halafu panda Higashiyama, njia ya mahekalu. Mara nyingi utakuwa peke yako na mti wa misonobari. Karibu na stesheni usilipite hekalu la Kokubunji, ambalo chimbuko lake ni amri ya mfalme ya mwaka 741 ya kujenga hekalu kila jimbo. Uani kuna mti wa ginko unaokadiriwa kuwa na miaka zaidi ya 1,200.

Alasiri nenda Hida no Sato, nje kidogo ya mji. Ni kijiji cha nyumba za wakulima zilizohamishwa kutoka vijijini, kilifunguliwa 1971. Baadhi zina mapaa ya mbao yaliyokandamizwa kwa mawe, nyingine mapaa ya nyasi yenye mteremko mkali ili theluji iporomoke. Nyumba ya ukoo wa Wakayama ilitoka Shokawa, eneo ambalo lilikuwa linakwenda kuzamishwa na bwawa la Miboro.

Na hiyo Shokawa nayo sasa ni Takayama, tangu ule muungano wa 2005. Bwawa lilikamilika mwaka 1961, zaidi ya nyumba 200 zikaingia majini. Kabla ya hapo mkuu wa zamani wa kampuni ya umeme, Takasaki Tatsunosuke, alitaka miti miwili mikongwe ya sakura, yaani cheri ya maua, iliyokuwa kwenye viwanja vya mahekalu isife. Wataalamu wengi waliona haiwezekani, sakura haipendi kukatwa mizizi, na ile ilikuwa na uzito wa makumi ya tani. Mwaka 1960 ikang'olewa, ikakokotwa kupanda mlima, ikapandwa juu ya mstari wa maji. Ikashika. Kila machipuko inachanua, na waliohamishwa walikuwa wanarudi kukutana chini yake, maana ndicho kitu pekee cha kijiji chao kilichobaki juu ya maji.

Ngosha

Hilo la sakura sikulijua. Nimekuelewa mkuu, nitarudi na nitalala.

Bi Zuhura

Na sisi Waislamu tutakula nini huko?

Mpanda Treni

Swali muhimu, Bi. Nyama ya ng'ombe wa Hida ni maarufu nchi nzima kwa mafuta yake yaliyotandaa kama marumaru, lakini kwa kawaida haikuchinjwa kihalali, kwa hiyo ulizia kabla ya kuagiza. Tambi za Takayama zina supu ya kuku na samaki mara nyingi, ila nyama ya juu yake huwa ya nguruwe. Na mwangalie sana sake na mirini, pombe tamu ya mchele ya kupikia, vinatiwa kwenye michuzi mingi bila kutajwa.

Salama yako ipo kwenye mapishi ya watawa wa Kibudha, ambayo hayana nyama wala samaki, ukiomba na pombe isitiwe. Dango, vile vidonge vya unga wa mchele kwenye kijiti, hapa vinapakwa mchuzi wa soya usio na sukari, vinachomwa mbele yako. Na miso ya hoba, yaani soya iliyosagwa na kuchachushwa, inayochomwa juu ya jani. Wanatandaza jani kubwa kavu juu ya jiko dogo la makaa, juu yake miso, vitunguu vya majani na uyoga. Jani linaanza kutoa moshi, miso inachemka pembeni, unaichota na wali wa moto. Miso nyingine ina kilevi, kwa hiyo uliza. Hicho ni chakula cha wakata miti, na kwangu kinaishinda ile nyama ya bei mbaya.

Fundi Mninga

Na siku hizi? Useremala umebaki wa makumbusho au watu wanakula kwa kazi hiyo?

Mpanda Treni

Wanakula. Mwaka 1920 ilianzishwa kampuni ambayo leo inaitwa Hida Sangyo. Misitu ya huku imejaa mti wa buna, ambao maseremala wa zamani waliuona hauna kazi kwa sababu unapinda na kuoza. Wao wakajifunza mbinu ya kigeni ya kuupika kwa mvuke na kuukunja, wakatengeneza viti, katika nchi ambayo watu walikuwa wanakaa sakafuni. Leo samani za Hida zinauzwa nje ya Japani. Wapo pia wachongaji wa mti wa ichii wasiopaka rangi yoyote, na vyombo vya shunkei ambavyo utomvu wake ni mwangavu, unaacha mistari ya mbao ionekane. Kila karakana ya namna hiyo unayoingia, wanazungumza kwanza kuhusu mti, ndipo kuhusu bei.

Kijukuu

Mkuu bado milima yenyewe. Mtu asiye mpandaji anaifikiaje?

Mpanda Treni

Panda basi kuelekea mashariki, Okuhida. Kuna vijiji vitano vya chemchemi za maji moto, wa kwanza kufikika ni Hirayu. Joto lile linatoka kwenye volkano. Yakedake, mita 2,455, iko palepale mpakani, bado hai. Mwisho wa barabara ni Shinhotaka, ambapo behewa la ghorofa mbili linaloning'inia kwenye waya linakupandisha hadi mita 2,156. Siku ikiwa safi, Hotaka na Yari vinakukabili uso kwa uso. Majira ya joto kuna na basi la Norikura linalokufikisha mita 2,702, na magari binafsi yamepigwa marufuku tangu 2003 kulinda mimea ya juu kule. Barabara hiyo hufungwa kuanzia Novemba hadi katikati ya Mei.

Beba koti hata Agosti.

Mama Asali

Na ukiwa Hirayu, basi la kuja Matsumoto ni hilohilo linaendelea. Karibuni na huku.

Bi Zuhura

Nimeshawishika. Mwanangu wa kike yupo Osaka, nataka twende naye Aprili kwa tamasha. Unatushauri nini?

Mpanda Treni

Bi, kwa tarehe 14 na 15 Aprili agizeni chumba miezi mingi kabla. Mji unajaa kabisa, na waliochelewa wanalala Gero au hata Toyama na kuja kwa treni. Aprili huko bado ni baridi, usiku hasa, na maua ya sakura ya mjini huchanua karibu na siku hizohizo, wiki moja au mbili baada ya Osaka.

Jambo la mwisho: mvua ikinyesha magari hayatoki, kwa sababu vanishi na dhahabu yake vitaharibika. Yanabaki ghalani, ila milango hufunguliwa na mnaweza kuzungukia mtaa kwa mtaa kuyaona kwa karibu. Kwa hiyo msinunue tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kaeni usiku wote wa 14 na wa 15, mkikosa siku moja mtapata ya pili. Na mkifika niandikie faragha, nitawaelekeza mahali pa kusimama kwa ajili ya vikaragosi, maana wanaochelewa wanaona migongo ya watu tu.